Ziwa Lililotiwa Sumu Mara Mbili: Kisa cha Paiki wa Lake Davis

Mvuvi wa Mwanza akikutwa na ndoo ya utupa uliotwangwa, kesi yake haina mjadala mrefu. Kuvua kwa sumu ni kosa, na kila mtu ufukweni anajua ni kosa. Mwezi Oktoba 1997 serikali ya jimbo la California, Marekani, iliingiza mashua kwenye ziwa zima na kumwaga humo dawa ya ukoo uleule wa utupa, huku askari wakiwa kando kuhakikisha wananchi hawaizuii. Miaka 10 baadaye ikarudi na kufanya vilevile. Mara zote mbili shabaha ilikuwa samaki wa aina moja: paiki wa kaskazini.

Mara ya kwanza ilishindwa vibaya, mara ya pili ikafaulu. Ukisoma maelezo ya haraka ya kisa hiki utaambiwa tofauti ilikuwa dawa bora na hesabu bora. Ni kweli kwa sehemu. Mimi naona sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa watu wa mji mdogo uitwao Portola, na namna walivyotendewa katikati ya matukio hayo mawili.

Tuanze na mahali penyewe. Lake Davis, licha ya jina, ni bwawa. Liko wilaya ya Plumas, kwenye milima ya Sierra Nevada, mita zipatazo 1,760 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji hugandia barafu juu wakati wa baridi. Lilipatikana miaka ya 1960 kwa kuziba kijito cha Big Grizzly, likiwa sehemu ya mradi mkubwa wa maji wa jimbo. Likijaa lina eneo la kilomita za mraba kama 16 na maji mita za ujazo zipatazo milioni 104. Kusini yake kidogo ndiko Portola, mji wa reli na mbao wenye watu wapatao 2,000. Kabla ya 1997 mji huo ulikunywa maji ya ziwa hilo, na maduka yake, nyumba za wageni na migahawa viliishi kwa fedha za wavuvi wa starehe waliofuata samaki aitwaye trauti.

Trauti wenyewe walikuwa wa kupandikizwa. Serikali iliwazalisha kwenye vituo vyake na kuwamwaga ziwani mwaka hadi mwaka. Hilo lisisahaulike, maana baadaye watu walizungumza kana kwamba paiki alivamia bustani ya Edeni. Ndugu zao trauti hao ndio waliopelekwa na walowezi kwenye mito ya Aberdare kule Kenya kuanzia 1905, nao pia kwa ajili ya kufurahisha wavuvi.

Huyo paiki ni nani? Jina lake la kisayansi ni Esox lucius. Ana mwili mrefu wa kijani wenye madoa ya rangi ya maziwa, pezi la mgongoni lililosogea nyuma karibu na mkia, na mdomo bapa mpana kama wa bata uliojaa meno yanayoelekea ndani. Hafukuzi windo kwa mwendo mrefu. Husimama ndani ya majani ya maji bila kutikisika, kisha hufyatuka mara moja. Humeza samaki wanaokaribia nusu ya urefu wake, na wanawe mwenyewe hawasalimiki. Barafu inapoyeyuka tu, jike huingia kwenye maji mafupi yenye nyasi na kutaga mayai ya kunata, makumi ya maelfu, na akiwa mkubwa hufikia mamia ya maelfu. Sehemu kubwa ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini mashariki ya milima ya Rocky ni kwao kwa asili. California si kwao.

Na hapa lazima tumwelewe mvuvi, la sivyo kisa chote kitaonekana kama wazimu. Paiki ni samaki wa kupendwa. Anagonga chambo kwa nguvu, anavuta, anaweza kuzidi kilo 20, na hata mtoto aliyeshika fimbo kwa mara ya kwanza anaweza kumpata. Wanaomvua hufunga kipande cha waya wa chuma kati ya mshipi na chambo, kwa sababu meno yake hukata mshipi wa kawaida. Ufini, Swideni na Ireland kuna watu wanaopanga likizo zao kwa ajili yake. Ana miiba midogo yenye panda inayosumbua mlaji, lakini wapishi wa Lyon, Ufaransa, walishapata dawa yake zamani: wanamsaga nyama na kumgeuza kuwa donge laini la kuchemshwa. Kwa hiyo mtu aliyekulia penye paiki, akahamia California na kukuta trauti watupu, anaweza kuona ziwa limepungukiwa. Anachohitaji ni chombo cha maji, paiki wachache walio hai, na usiku mmoja.

Hivyo ndivyo inavyoaminika ilitokea. Paiki walionekana kwanza katika bwawa jirani la Frenchman mwaka 1988. Serikali ikatia dawa huko mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikashughulikia mifereji ya bonde la Sierra. Mnamo Agosti 1994 paiki akapatikana Lake Davis. Aliyemleta hakuwahi kutajwa hadharani.

Kwa nini jimbo zima litetemeke kwa ajili ya bwawa moja la milimani? Jibu liko kwenye ramani. Maji ya Big Grizzly huingia mkono wa kati wa mto Feather, hupita bwawa kubwa la Oroville, huungana na mto Sacramento na kuishia kwenye delta ambako mito miwili mikuu ya jimbo hukutana kabla ya kuingia ghuba ya San Francisco. Delta hiyo ni maji mafupi, ya uvuguvugu, yamejaa majani: pepo ya paiki. Ndipo pia wanapopita samaki wachanga wa aina ya samoni kwenda baharini, wakati baadhi ya makundi ya samoni hao tayari yalikuwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Paiki akifika huko, hakuna wa kumtoa.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Kusini mwa kati ya Alaska, ambako paiki hakuwepo kwa asili ingawa sehemu nyingine za Alaska ni kwao, alipandikizwa kinyume cha sheria na kuenea katika mto Susitna na vijito vyake. Kijito cha Alexander, kilichokuwa maarufu kwa samoni wakubwa, kilikaribia kubaki bila samoni wale.

Oktoba 1997

Dawa iliyochaguliwa ni rotenoni. Kwetu anayejua utupa anajua nusu ya habari. Majani ya mmea ule yana kemikali za kundi hilohilo. Ya viwandani hutolewa kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde ya Amerika ya Kusini na Asia. Huingia kwa samaki kupitia matamvua na kuzuia seli kutumia oksijeni. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji yenye oksijeni tele. Jua na joto huivunja nguvu, na ndiyo sababu watu waliweza kula samaki wa utupa vizazi na vizazi.

Tatizo ni kwamba serikali haikumwaga rotenoni tupu. Dawa ya maji iliyotumika ilikuwa na viyeyushio vya kiwandani na kemikali ya kuongeza makali iitwayo piperonili butoksaidi. Na ilimwagwa Oktoba, kwenye mlima, maji yakielekea kuganda.

Watu wa Portola walipinga tangu mwanzo. Walienda mahakamani, walifanya mikesha ya mishumaa, na siku ya kazi yenyewe wapo waliojifunga kwenye boya katikati ya ziwa, wakatolewa na askari. Ukiondoa maneno makali ya pande zote, swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: haya ni maji yetu ya kunywa, nani anatuhakikishia? Serikali ilijibu kwa uhakika mkubwa. Dawa itapotea ndani ya wiki chache, walisema.

Haikupotea. Piperonili butoksaidi iliendelea kupimwa kwenye maji ya kina kirefu kwa miezi, ikipitiliza hadi mwaka uliofuata. Nadhani hapa ndipo idara ya jimbo inayosimamia samaki ilipopoteza zaidi kuliko mahali pengine popote. Madhara makubwa kwa afya hayakuthibitishwa. Lakini wataalamu walisema wiki chache na vipimo vyao wenyewe vikasema vingine. Baada ya hapo mtaalamu akisimama kwenye ukumbi wa mji na kusema jambo la kweli, nani amsikilize? Watalii walitoweka, maduka yakayumba, mji ukaacha kunywa maji ya ziwa na kutegemea visima na chemchemi. Jimbo likaishia kulipa fidia ya dola milioni 9.2 kwa mji, wilaya na wakazi.

Ziwa likafunguliwa tena 1998, likajazwa trauti kwa wingi. Mei 1999 paiki akapatikana.

Alirudije? Kuna majibu mawili na yote hayapendezi. Ama wachache walipona, pengine kwenye vijito na maeneo ya majimaji yenye chemchemi ambako dawa haikufika sawasawa. Ama mtu aliwahifadhi wengine na kuwarudisha, kwa ukaidi au kwa hasira. Uchunguzi wa vinasaba uliwaunganisha paiki wapya na wale wa kabla ya 1997. Hilo linaondoa wazo la kwamba waliletwa kutoka mbali, lakini haliwezi kuamua kati ya majibu yale mawili, kwa kuwa samaki aliyepona na samaki aliyefichwa ni wa ukoo mmoja. Mjini kila mtu alikuwa na hakika yake. Waliochukia idara walisema imeshindwa kazi. Idara ilipendelea kuamini hujuma. Mimi nashuku vijito, kwa sababu ya kawaida tu: sumu yoyote inayofanya kazi kwa kuchanganyika na maji huharibikiwa mahali ambapo maji mapya yanatiririka kuingia.

Miaka ya kuvua

Sehemu hii ya kisa hupitwa haraka kwenye simulizi nyingi, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko sumu zote mbili. Baada ya 1999 serikali haikuthubutu kutaja rotenoni. Badala yake iliundwa kamati ya pamoja, wenyeji na maofisa wakakaa meza moja, na mwaka 2000 ukatoka mpango wa kudhibiti paiki bila kutia sumu. Kwenye kamati hiyo walikaa watu waliopinga mwaka 1997.

Wakavua kwa kila njia inayojulikana. Mashua zenye vifaa vya umeme zilipita kwenye majani kupooza samaki na kuwachota. Nyavu za makila zilitegwa, mitego ya kila namna iliwekwa kwenye maji mafupi msimu wa kutaga, vizuizi viliwekwa kwenye midomo ya vijito. Walijaribu hata kamba za baruti kwenye ghuba ndogo. Tena mtu wa pwani atacheka: utupa, halafu baruti, na vyote kwa kibali cha serikali. Kwenye tundu la kutolea maji bwawani waliweka chujio ili paiki asiteleze kwenda mtoni. Mvuvi wa kawaida naye aliambiwa: ukimnasa paiki, usimrudishe majini, muue papo hapo na toa taarifa.

Hadi 2006 walikuwa wameondoa paiki zaidi ya 65,000. Takwimu hiyo inaweza kusomwa kama ushindi, na wapo walioitangaza hivyo. Isome tena. Ukitoa samaki 65,000 kwenye bwawa la kilomita za mraba 16 na bado wanaongezeka, maana yake unavuna. Kila jike mkubwa aliyetolewa alipunguza pia idadi ya walaji wa vifaranga, na vifaranga waliobaki wakapata nafasi. Trauti walikuwa wakipungua, na wavuvi waliokuwa wamebaki nao wakaanza kwenda kwingine. Tena kulikuwa na hatari ya mvua: chujio linalinda tundu la chini tu, na mwaka wa theluji nyingi bwawa likifurika maji yakapita utoro wa juu, yaani njia ya maji ya ziada, paiki wanapita nayo.

Ndipo maoni ya mji yalipogeuka. Halikuwa tangazo la idara lililowageuza. Wenyeji walikuwa wameziona nyavu, wamewahesabu samaki, wameona njia walizozipendekeza wao wenyewe zikijaribiwa kwa dhati na kushindwa. Miaka ile saba ilikuwa ghali na kibaiolojia haikumaliza chochote. Mhasibu angeiita hasara. Lakini sioni namna ambayo mtu angeweza kusimama Portola mwaka 2000 na kutaja neno sumu akasikilizwa; mwaka 2006 liliwezekana, na baadhi ya waliokuwa wapinzani wakasema sawa, fanyeni, ila fanyeni vizuri.

Septemba 2007

Safari hii walianza na maji kupunguzwa mpaka ziwa likabaki na nusu na kidogo ya ujazo wake. Maji machache yanahitaji dawa chache, na ufuko uliokauka unaondoa majani ambamo paiki hujificha. Msitu wa taifa unaozunguka ziwa ulifungwa kwa umma. Vijito vilishughulikiwa kwanza, kimoja baada ya kingine, kwa vituo vya kudondosha dawa polepole ili kila tone la maji yanayoingia ziwani liwe limepita kwenye dawa, na madimbwi na majimaji yakapuliziwa kwa mkono. Kisha, tarehe 25 hadi 27 Septemba, mashua zikaingia ziwani. Dawa ilikuwa ya muundo mpya, bila ile piperonili butoksaidi iliyowatia aibu. Na ilikuwa Septemba, wiki kadhaa mapema kuliko 1997, jua likiwa bado na nguvu.

Mji haukuwa unakunywa tena maji ya ziwa. Hilo liliondoa hofu kubwa kuliko zote, na sijui kwa nini halitajwi mara kwa mara zaidi. Mafanikio ya 2007 yalisimama pia juu ya hasara ya 1997: Portola ilikuwa tayari imelazimika kutafuta maji kwingine.

Kazi iligharimu takriban dola milioni 16. Kabla mwaka haujaisha trauti walianza kurudishwa. Paiki hajapatikana tena Lake Davis.

Nikirudi kwenye hoja ya dawa bora: sikatai. Kupunguza maji, kuanza na vijito, kubadili muundo wa dawa na kuwahi msimu, kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Lakini angalia vinategemea nini. Kupunguza maji kunataka mji ukubali kuona ziwa lake likiwa tope kabla ya msimu wa wageni. Kufikia kila chemchemi kunataka wenye mashamba wafungue mageti na waseme mahali ambapo maji hububujika bila kuonekana kwenye ramani. Na kubaki bila paiki miaka yote iliyofuata kunategemea kwamba hakuna mtu anayebeba wachache wengine kuwarudisha, kitu ambacho hakuna dawa inayoweza kukizuia. Mwaka 1997 serikali ilikuwa na ujuzi, fedha na askari. Ilichokosa ni sababu ya mwenyeji kuwa upande wake.

Msomaji wa Kisumu au Mwanza atakuwa ameshauliza swali lake muda mrefu. Sangara naye aliletwa Ziwa Victoria, miaka ya 1950 na 1960. Alikula furu wa aina nyingi wasiopatikana popote duniani mpaka wengi wakatoweka. Mbona hakuna aliyefikiria kumtoa? Ukubwa ni jibu la kwanza. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna utupa wa kutosha duniani. Jibu la pili ni la tumbo. Sangara aliua uvuvi mmoja na kuzaa mwingine, wenye viwanda vya minofu na soko la Ulaya, na kufikia hapo aliyekuwa mvamizi akawa mlishaji. Paiki wa Lake Davis hakupata muda wa kuwa na watetezi. Alikuwa na mashabiki wachache wenye fimbo, dhidi ya samoni, kilimo na delta nzima.

Hali iliyo kati ya hizo mbili ipo sasa kwenye mto Columbia, jimbo la Washington. Paiki wamefika Lake Roosevelt, maji marefu ya kilomita mia mbili na zaidi nyuma ya bwawa la Grand Coulee, na wakipita hapo na bwawa la Chief Joseph chini yake wanakutana na samoni. Kule hakuna wa kutia dawa. Maji ni mengi mno na yanatembea. Makabila ya asili ya eneo hilo, wakiwemo Colville, Spokane na Kalispel, wanashirikiana na jimbo kutega nyavu kila msimu wa kutaga, na Colville walianzisha utaratibu wa kumlipa mvuvi dola 10 kwa kila kichwa cha paiki anachowasilisha.